Kicheko Kinachositiri Penzi: Ufundi wa Kisa cha Budur

Majini wawili wanabishana usiku wa manane. Maimuna, jini mwanamke, anaapa kwamba duniani hakuna kiumbe mzuri kumpita kijana aliyelala katika mnara mkongwe anamoishi yeye. Dahnash, jini mwanamume aliyetoka China muda si mrefu, anaapa kwamba kijana huyo hafui dafu mbele ya binti mfalme aliyemwacha huko usingizini. Kila mmoja anamsifia wake mpaka koo linamkauka. Hatimaye wanakubaliana kumleta binti na kumlaza kando ya kijana, kitanda kimoja, wapate kuwalinganisha. Wakishawatazama, ubishi ndio kwanza unapamba moto. Maimuna anapiga mguu chini, ardhi inapasuka, na anatoka jini wa tatu, Kashkash, kibyongo, chongo, mwenye pembe kichwani. Huyo ndiye hakimu. Kesi ya uzuri inakabidhiwa kiumbe mwenye sura ya kutisha kuliko wote, naye ndiye anayetoa hukumu ya busara: waamsheni kwa zamu, mmoja akiwa macho mwenzake alale, na yule atakayezidiwa na mapenzi ndiye aliyepitwa kwa uzuri.

Hapo ndipo kisa cha Kamaruzamani na Budur, katika Alfu Lela Ulela, kinaposhika kasi. Nimekisoma kwenye pantoni nikivuka kwenda mjini, nimekisoma nikirudi Kigamboni, na kila nikikisoma naona kazi ya fundi iliyofichwa vizuri. Ni kisa cha mapenzi, ni kisa cha majini, ni kisa cha kuchekesha, na katikati yake wamo wanawake wawili waliooana wakalala wamekumbatiana. Msimuliaji ameyabeba yote manne bila kumwaga hata moja. Nataka tumtazame anavyofanya, hatua kwa hatua, kwa kuwa anajua jambo ambalo waandishi wengi wa mapenzi na wengi wa vichekesho hatujalishika: kicheko kinaweza kulisitiri penzi badala ya kulivua nguo.

Pwani yetu haina ugeni na hadithi hizi. Edward Steere alipochapisha mwaka 1870 hadithi alizozikusanya Unguja, mojawapo ilikuwa ya Hasibu Karimu Dini na mfalme wa nyoka, ambayo imo pia katika Alfu Lela Ulela. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Edwin Brenn na Frederick Johnson wakatoa sehemu ya hadithi hizo kwa Kiswahili cha kusoma shuleni na nyumbani, na miaka mingi baadaye Hassan Adam akazisimulia upya katika vitabu vya Mkuki na Nyota. Shaaban Robert alipoandika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, alichukua kiunzi cha kisa cha liwali wa Basra na nduguze waliogeuzwa mbwa, akawageuza manyani na kukifanya chake. Hata Abunuwasi, ambaye watoto wetu wanamjua kama mjanja wa kumshinda sultani kwa maneno, alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, na mashairi yake mengi ya mapenzi yaliwasifu vijana wa kiume. Basi mchanganyiko wa mzaha, miujiza na mapenzi yasiyopita barabara kuu haukushuka bandarini jana.

Kisa chenyewe kina historia ya kusisimua. Muswada wa zamani kuliko yote mikubwa iliyosalia ya Alfu Lela Ulela, ule wa Syria ambao Antoine Galland aliutumia alipoanza kuchapisha tafsiri yake ya Kifaransa mwaka 1704, umehifadhiwa Paris. Unakatika kwenye usiku wa 282, kisa cha Kamaruzamani kikiwa ndio kwanza kinaanza. Yanayofuata tunayapata katika miswada ya baadaye. Anayesoma Kiingereza atakipata kisa kizima kwa Richard Burton, 1885, au kwa Husain Haddawy, 1995.

Turudi kitandani. Fundi wa hadithi za majini hupimwa kwa mipaka anayowawekea majini wake. Hawa wanaweza kumbeba binti kutoka China na kumrudisha kabla ya alfajiri, lakini hawawezi kuamua nani mzuri zaidi. Jambo hilo linawashinda kama linavyotushinda sisi. Na inapofika saa ya kuwaamsha wapenzi, nguvu zote zile zinaishia katika kiroboto. Dahnash anageuka kiroboto na kumuuma Kamaruzamani shingoni. Kijana huyu amefungiwa mnarani na baba yake kwa sababu amekataa katakata kuoa. Sasa anafumbua macho, anamwona msichana, na msimamo wote unayeyuka. Anataka kumbusu, ila anaingiwa na shaka kwamba baba yake amejificha mahali fulani akimpima. Anajizuia. Anavua pete ya binti, anaivaa, anageukia upande wa pili na kulala. Kisha Maimuna naye anageuka kiroboto, na Budur anaamka. Budur, aliyekataa kuolewa kwa ukali uleule, hana wasiwasi wa baba yeyote. Anambembeleza kijana aamke, anamtikisa, anambusu, na asipoamka anavua pete yake na kulala amemkumbatia. Maimuna ameshinda.

Tazama msimuliaji alivyofanya kazi hapa. Amewapa wapenzi penzi kabla hawajasemezana hata neno moja. Amegawa tabia: mwanamume ana hofu na hesabu, mwanamke ana moyo na uamuzi, na mgawanyo huo utakiendesha kisa mpaka mwisho. Amewaachia pia pete mbili, mashahidi wasioweza kukanushwa. Asubuhi kila mmoja atarudi kuwa peke yake, China na nyumbani kwa Kamaruzamani, na watu wote watasema ni ndoto, lakini pete zipo vidoleni.

Kinachofuata ni kichekesho kirefu cha wazimu. Kamaruzamani anamuuliza mtumishi wake msichana wa jana yuko wapi. Mtumishi anaapa hajaona mtu. Kamaruzamani anampiga, anamfunga kamba na kumshusha kisimani, anamchovya na kumtoa, mpaka maskini anaahidi kusema kweli yote, ila kwanza aruhusiwe akakamue nguo zake. Akishafika nje, mbio hadi kwa mfalme: mwanao amerukwa na akili! Huko China, Budur amefungwa mnyororo, na kila tabibu anayejaribu kumponya akashindwa anakatwa kichwa. Habari ni nzito, lakini sisi wasomaji tunacheka, kwa kuwa tunajua. Tulikuwepo, tuliona viroboto. Wenye akili timamu katika kasri zote mbili ndio wasiojua lolote, na walioitwa wendawazimu ndio wenye kweli. Msimuliaji ametuweka upande wa wapenzi tangu mwanzo, hivyo kila tunapocheka tunawacheka wanaowazunguka. Marzawan, ndugu wa kunyonya wa Budur, anapofanikiwa kumfikisha Kamaruzamani China, barua yenye pete inaingizwa chumbani. Budur anaitazama pete, anakata chuma kilichomfunga, na kutoka nje kwa nguvu zake mwenyewe. Matabibu wote walikosa dawa hiyo.

Wanaoana. Wanasafiri kwenda kwa baba yake Kamaruzamani, na njiani, Budur akiwa amelala hemani, mumewe anakuta kito kimefungwa kwenye mshipi wa suruali ya mkewe. Anatoka nacho nje akitazame kwenye mwanga. Ndege anashuka, anakinyakua, na kijana anamfuata siku baada ya siku mpaka anapotea kabisa. Budur anaamka hana mume, yumo katikati ya msafara wa watu wenye silaha. Analia kidogo, halafu anafikiri. Anavaa nguo za mumewe, anafunga kilemba, anafunika mdomo kwa kitambaa, anampandisha kijakazi kwenye machela yake, na kutoka hemani kama Kamaruzamani. Hakuna anayemshuku.

Hivyo anafika Visiwa vya Abunusi, kwa mfalme Armanus, mzee asiye na mtoto wa kiume. Mzee anampenda kijana huyu mgeni, anamtaka arithi ufalme, na sharti ni moja: amwoe bintiye, Hayatunnufus. Akikataa, atamuudhi mfalme na kujitia hatarini. Akikubali, usiku wa harusi unamngoja. Anakubali.

Kurasa zinazofuata ndizo ninazozipenda kuliko zote. Niliwahi kuzisimulia kwa Kiswahili barazani, Mjimwema, usiku mmoja umeme ulipokatika na joto likawafukuza watu ndani. Usiku wa kwanza, Budur anaketi karibu na bibi harusi, anambusu, kisha anakumbuka mumewe na machozi yanamtoka. Anasimama, anatawadha, na kuanza kusali. Anasali rakaa baada ya rakaa, mpaka Hayatunnufus anapitiwa na usingizi. Asubuhi wazazi wanakuja kuuliza habari, na binti anawaeleza ilivyokuwa. Usiku wa pili, vivyo hivyo. Nilipofika hapo, bibi mmoja wa Kizaramo, jirani yetu, alipiga paja lake akasema, "Huyo atasali mpaka magoti yaote sugu!" Baraza zima likaangua kicheko.

Walicheka mahali palepale msimuliaji wa kale alipopanga wacheke. Marudio ni chombo kikuu cha hadithi ya mdomo, na fundi huyu anajua kwamba jambo likirudiwa bila kubadilika linachosha. Kwa hiyo usiku wa pili si nakala ya kwanza: hasira za mfalme zinapanda, maswali yanakuwa makali, na kitisho cha kumuuzulu Budur kinatolewa. Kila mara Budur anaposimama kusali, muda uliobaki unapungua. Halafu kuna heshima. Sala haichekwi. Budur anasali kweli na analia kweli, kwa kuwa amempoteza mtu. Kicheko kinamwendea mfalme mlangoni, anayehesabu ndoa ya bintiye kama mwenye shamba anayengoja mavuno. Msimuliaji mwenye mkono mzito angemchekesha msikilizaji kwa kumvunjia Budur utu. Huyu amemwachia Budur huzuni yake nzima, na bado baraza linacheka.

Usiku wa tatu Hayatunnufus mwenyewe anasema. Anamwonya mumewe kwa upole: baba amekasirika, atakunyang'anya ufalme, huenda akakuua, nakuonea huruma. Ni binti aliyepuuzwa siku mbili, mwenye kila haki ya kununa, lakini neno lake la kwanza ni la kumhofia mwenzake. Hapo Budur anaiachia sauti yake. Sauti ya kiume aliyoibana tangu hemani inamtoka, anasema kwa sauti laini ya kike, na kumweleza kila kitu. Hayatunnufus anashangaa, anamhurumia, na kuapa kuitunza siri. Wanakumbatiana, wanabusiana, wanalala pamoja. Kabla ya alfajiri Hayatunnufus anachinja kinda la njiwa, anajipaka damu kwenye nguo, na kupiga kelele. Jamaa wanaingia mbio, wanaona walichotaka kuona, na vigelegele vinapigwa.

Barazani palikuwa kimya kidogo. Kisha bibi yule akasema, "Wamesitiriana, mwanangu. Haya, endelea."

Tangu usiku huo sijasikia uhakiki wa kisa hiki uliofika mbali zaidi. Profesa Sahar Amer, katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya mapenzi baina ya wanawake katika fasihi za Kiarabu na Kifaransa za Zama za Kati, amekichambua kisa cha Budur kwa kina na kuonyesha kwamba hadithi hizi ziliyapa mapenzi hayo nafasi. Mimi naongeza jambo la ufundi tu. Nafasi hiyo imetengenezwa na kicheko. Njiwa yule ni utani unaowalenga walio nje ya mlango. Wanaridhika na damu, wanaondoka wakishangilia, na mlango unafungwa. Ndani wamebaki wawili wenye siri moja, na msimuliaji hatuingizi zaidi ya hapo. Hakuna anayeaibishwa, hakuna anayeadhibiwa, na hakuna anayehubiriwa. Budur anatawala kwa haki, wananchi wanampenda, na ndoa ile, kwa kadiri kisa kinavyotuonyesha, ni ndoa njema.

Wakati huo Kamaruzamani yuko katika mji wa mbali, kibarua katika bustani ya mzee mmoja. Siku moja anaona ndege wakipigana, mmoja anakufa, na ndani yake anakikuta kito kilekile. Anavumbua pia hazina ya dhahabu chini ya mti. Dhahabu anaificha ndani ya mitungi, juu yake anajaza zeituni, na kito anakitia humo. Mitungi inapakiwa melini, mzee wa bustani anakata roho, kijana anabaki kumzika, na meli inang'oa nanga. Meli inafika Visiwa vya Abunusi. Mfalme, yaani Budur, anapenda zeituni. Ananunua mitungi yote, anaimimina jioni akiwa na Hayatunnufus, dhahabu inamwagika, na kito kinaonekana. Anazimia.

Sikiliza msimuliaji anavyotumia vitu vidogo. Pete ilithibitisha usiku mmoja. Kito kiliwatenganisha na kito ndicho kinachowaunganisha. Katikati kuna zeituni, chakula cha kawaida kabisa. Hamu ndogo ya mlaji inafanya kazi ambayo majini watatu hawakuombwa kuifanya. Tangu ndege aliponyakua kito, hakuna jini aliyerudi. Msimuliaji aliwatumia kuanzisha, akawaruhusu waende zao, na kuwaachia binadamu wamalize kwa akili zao. Waandishi wa leo wa hadithi za kichawi wana mengi ya kujifunza hapo.

Budur anaamuru nahodha arudi amlete mtunza bustani, kwa madai kwamba ni mdaiwa wa mfalme. Kamaruzamani analetwa, hamjui mkewe chini ya taji, anaoshwa, anavishwa, anapandishwa cheo siku hadi siku. Kisha usiku mmoja mfalme anamwita faragha na kumtongoza. Kijana anatetemeka, anajitetea kwa hoja za dini na za umri, na Budur anamjibu kila hoja kwa utani na kwa mashairi ya kuwasifu vijana wa kiume, mpaka anapoangua kicheko na kumwuliza kama amesahau haraka hivyo siku zao pamoja. Mara nyingine naona mzaha huu umevutwa mno. Mwenye taji anapomtania asiye na nguvu, utani una ncha kali. Lakini hesabu za kisa zinatimia: usiku wa kwanza Budur ndiye aliyejaribu bila mafanikio kumwamsha mtu aliyelala, sasa anamwamsha tena, na safari hii anafumbua macho.

Kwa uaminifu niseme pia kisa kinapoharibika. Kamaruzamani anakuwa mume wa wanawake wote wawili, wanazaliwa wana wawili, Amjad na As'ad, na katika sehemu ya pili msimuliaji anawageuza Budur na Hayatunnufus kuwa mama waovu wanaowatamani watoto wa wenzao na kuwasingizia. Wanawake wenye akili na huruma wanafanywa vibaraka wa kisa kingine. Nasoma sehemu hiyo kwa uchungu, na huwa simsimulii mtu. Naamini kisa cha Budur kinafungwa pale zeituni zinapomwagika na siri inapofunguliwa.

Katika nchi yetu mapenzi ya namna ile husemwa kwa minong'ono au kwa matusi, na mara nyingi kicheko ndicho silaha ya kumdhalilishia mtu. Kisa hiki cha karne nyingi kinaonyesha matumizi mengine ya kicheko. Na hadithi za ajabu za pwani bado zina uhai: Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, katika The House of Rust ya mwaka 2021, amemwandikia binti wa mvuvi safari ya baharini na paka anayesema, na kitabu hicho kikapata tuzo ya kwanza ya Ursula K. Le Guin mwaka 2022. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Naomba kinachofuata kiandikwe kwa Kiswahili.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, ukitaka kuandika riwaya ya mapenzi yenye majini na vichekesho, msome Budur kwanza. Wape majini wako mipaka. Mweke msomaji ndani ya siri mapema, awe upande wa wapenzi. Rudia, lakini kila ukirudia ongeza kitu. Toa utani kwa walioko mlangoni, na huruma kwa walioko ndani. Ukimaliza, kisome kwa sauti barazani mbele ya wazee, na usikilize wanapocheka na wanaponyamaza. Wakisema wapenzi wako wamesitiriwa, chapisha.